Tundu la Milimita Tano

Miaka michache iliyopita nilikuwa nikisahihisha ripoti za miradi ya wanafunzi wa uhandisi wa mwaka wa mwisho. Miongoni mwazo ilikuwamo ripoti ya kijana mmoja aliyetengeneza paneli ya kuchezea michezo ya kompyuta: kisanduku cha plaiwudi kilichofunikwa juu kwa bamba la plastiki angavu ya akriliki, chenye fimbo moja ya kuongozea na vitufe vinane vikubwa vya duara. Ilifanana na zile mashine za michezo zilizoenea duniani baada ya mchezo wa Pong wa kampuni ya Atari mwaka 1972, na Space Invaders wa kampuni ya Taito ya Japani mwaka 1978. Habari za umeme na programu kijana huyu alizieleza kwa kurasa sita. Habari za kutoboa matundu alizieleza kwa kurasa kumi na moja.

Jambo hilo liliniudhi. Nilichukua kalamu nyekundu nikaandika pembeni: "Huu ni useremala, si uhandisi." Kisha nikautazama mchoro wake. Skrubu za kufungia bamba zilikuwa za kipenyo cha milimita 4, lakini matundu ya skrubu hizo katika akriliki yalikuwa ya milimita 5. Nikaandika tena: "Vipimo vya kizembe", nikakata alama nane, nikafunga ripoti.

Katika makala haya nakusudia kueleza jinsi nilivyokuja kujua kwamba alama zile nilizikata kwa makosa, na kwa nini naamini kosa lile si langu peke yangu. Ni kosa la namna tunavyofundisha sayansi, tangu shule ya msingi hadi chuo kikuu.

Paneli ile ilikuwa ya nani

Yamkini msomaji atauliza: mchezo wa kompyuta una uzito gani hata ujadiliwe katika jarida la sayansi? Swali hilo nami nilijiuliza, na kwa sababu hiyo niliupita haraka ukurasa wa kwanza wa ripoti. Laiti ningalitulia kuusoma, ningalijua kwamba paneli ile ilitengenezwa kwa ajili ya mdogo wake kijana huyo, mtoto ambaye vidole vyake vimekakamaa tangu kuzaliwa. Mtoto huyo hawezi kutumia simu wala kibodi ya kawaida, kwa kuwa vitu hivyo vimeundwa kwa watu wenye vidole vyepesi. Lakini aweza kubonyeza kitu kipana kwa kiganja.

Vitufe vya mashine za michezo vinafaa sana kwa kazi hiyo. Vile vya mtindo wa Kijapani huhitaji tundu la kipenyo cha milimita 30, au milimita 24 kwa vile vidogo. Vya mtindo wa Kimarekani huhitaji takriban milimita 28. Chini ya kila kitufe imo swichi ndogo. Kiganja kinapobonyeza, njia ya umeme huungana, na saketi iliyomo ndani ya kisanduku hupeleka habari kwenye kompyuta. Mwaka 2018 kampuni ya Microsoft ilitoa kifaa cha namna hii kwa ajili ya wachezaji wenye ulemavu, Xbox Adaptive Controller, chenye vitufe viwili vikubwa na mahali pa kuunganishia swichi nyingine za nje.

Kijana wetu hakuwa na fedha ya kuagiza kitu kama hicho. Alichukua karatasi, akauweka mkono wa mdogo wake juu yake, akauchora kwa penseli, kisha akapanga vitufe pale ambapo kiganja kile kingeweza kufika. Kwa hiyo hapakuwa na kitabu chochote ambacho kingemwambia matundu yatobolewe wapi. Mahali pa kila tundu palitokana na mkono wa mtoto mmoja, na tundu likikosewa, mtoto huyo ndiye angeyapata matokeo yake.

Somo la kwanza: mti una nyuzi

Muda mfupi baada ya matokeo kutangazwa, idara yetu ilitarajia ugeni wa wanafunzi wa shule za sekondari. Tulitaka kitu cha kuwavutia. Nikaikumbuka ile paneli, nikajisemea kwamba kitu kilichotengenezwa na mwanafunzi hakiwezi kumshinda mwalimu wake. Nilipata plaiwudi, bamba la akriliki lenye urefu wa sentimita 65, vitufe na drili ya umeme, nikaingia karakana siku ya Jumamosi nikiwa na wanafunzi wawili wa kunisaidia.

Tundu la kwanza katika plaiwudi lilikuwa zuri upande wa juu. Upande wa chini lilikuwa limechanikachanika, vibanzi vimening'inia kama ukingo wa mkeka uliotafunwa na panya. Sababu yake si ngumu. Mti ni mkusanyiko wa nyuzi ndefu zilizolala upande mmoja. Una nguvu sana kwa urefu wa nyuzi hizo, na nguvu haba kwa upana wake. Plaiwudi imeundwa kwa tabaka ambazo nyuzi zake hupishana ili kuupunguza udhaifu huo, lakini tabaka la mwisho kabisa halina kingine cha kuliegemeza. Chuma cha kutobolea, ambacho mafundi hukiita biti, kinapokaribia kutokea upande wa pili, nyuzi za mwisho hazikatwi bali husukumwa, na zikisukumwa bila egemeo huinuka na kuchanika.

Dawa zake ni mbili. Ya kwanza ni kuweka kipande cha ubao usiotakiwa chini ya kazi na kuvibana pamoja kwa klampu, ili nyuzi za mwisho zipate kitu cha kuegemea. Ya pili ni kutoboa mpaka ncha ya katikati ya biti ichomoze kidogo tu, kisha kuugeuza ubao na kumalizia kwa upande wa pili. Pamoja na hayo, hapana budi kuchagua biti iliyokusudiwa kwa mti. Biti ya msokoto tunayoiona katika kila duka, ambayo Mmarekani Stephen Morse alipata hataza yake mwaka 1863, iliundwa kwa ajili ya chuma. Pembe ya ncha yake kwa kawaida ni nyuzi 118, nayo husukuma nyuzi za mti kabla ya kuzikata. Kwa tundu pana la kitufe inafaa biti ya aina ya Forstner, iliyopata hataza mwaka 1874, ambayo ukingo wake wa duara huzikata nyuzi kwanza pembezoni, kisha ndipo makali ya ndani yakaondoa mti wa katikati.

Haya yote niliyajua kwa namna ya maneno. Kama ningeulizwa katika mtihani maana ya kitu kuwa na nguvu tofauti kwa pande tofauti, ningejaza kurasa mbili. Lakini mkono wangu haukuwa na habari.

Somo la pili: joto lisilo na pa kwenda

Nilipofika kwenye akriliki niliongeza kasi ya drili, nikidhani kwamba kasi ndiyo inayoleta usafi. Baada ya sekunde chache nikasikia harufu kali. Plastiki ikaanza kuyeyuka na kujizungushia kwenye biti, na biti ikanasa. Nilipoichomoa, tundu lilikuwa na midomo iliyovimba.

Tuangalie hesabu yake. Drili inayozunguka mara 3,000 kwa dakika huzunguka mara 50 kwa sekunde. Biti ya kipenyo cha milimita 6 ina mzingo wa takriban milimita 19, kwa hiyo ukingo wake husafiri chini kidogo ya mita moja kwa sekunde. Biti ya milimita 30 kwa mzunguko huo huo, ukingo wake husafiri mita 4.7 kwa sekunde, yaani mara tano zaidi. Anayebadilisha biti bila kubadilisha kasi amezidisha mwendo wa makali mara tano bila kujua. Ili ukingo wa biti ya milimita 30 uende kwa mwendo ule wa biti ndogo, mizunguko haina budi kupunguzwa hadi 600 kwa dakika.

Mwendo wa makali huzaa msuguano, na msuguano huzaa joto. Katika aluminiamu joto hilo hutawanyika upesi, kwa sababu madini hayo hupitisha joto mara zaidi ya elfu moja kuliko akriliki. Katika akriliki joto hubaki pale pale lilipozaliwa. Nayo akriliki huanza kulegea ifikapo karibu nyuzi joto 105, kiwango ambacho makali yanayosugua hukifikia kwa muda mfupi sana. Kwa hiyo akriliki hutobolewa polepole, kwa kuinua biti mara kwa mara ili chenga zitoke na hewa iingie, na ikiwezekana kwa kudondosha maji kidogo iwapo drili si ya kushikwa mkononi yenye umeme wa hatari. Chenga zikitoka kavu, kazi ni njema. Zikitoka zimenatana, simama. Hapa methali ya wazee kwamba haraka haraka haina baraka ni kanuni ya fizikia kamili.

Nilipopunguza kasi, balaa jingine likatokea. Biti ilipokuwa ikimalizia upande wa pili ilijichimbia ghafla, ikalivuta bamba juu, na kipande cha ukubwa wa ukucha kikaruka. Kwa bahati mwanafunzi aliyekuwa karibu alikuwa amevaa miwani ya kazi; kipande kilimgonga kwenye kioo cha miwani, wala hakikumfikia jicho. Mimi mwenyewe sikuwa nimevaa. Mafundi wazoefu wa plastiki hutumia biti yenye ncha iliyochongoka zaidi, ya nyuzi 60 hadi 90, na huyapunguza makali yake kwa jiwe la kunolea ili yakwangue badala ya kuchimba. Halafu huliacha karatasi la kinga juu ya bamba, hulibana bamba juu ya ubao, na huulegeza mkono mwishoni mwa tundu, mahali ambapo mtu asiyejua huukaza.

Niongeze neno moja juu ya usalama. Glavu zisivaliwe karibu na kitu kinachozunguka, kwa kuwa hunaswa na kuuvuta mkono. Vumbi la mbao nalo si la kudharauliwa: mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliorodhesha vumbi hilo miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Mafundi wengi katika mitaa yetu hulivuta kila siku bila hata kitambaa puani.

Somo la tatu: usiku mmoja wenye kiyoyozi

Jioni ya Jumamosi ile, baada ya kuharibu bamba moja, tulilifunga la pili. Safari hii tulikuwa waangalifu. Matundu ya skrubu yalikuwa sita, yale ya mwisho yakiwa umbali wa sentimita 60 baina yao. Nilihakikisha kwamba skrubu za milimita 4 zinaingia katika matundu ya milimita 4 barabara, bila nafasi hata ya unywele, nikawaambia wale vijana: "Huu ndio usahihi." Karakana ile imeezekwa kwa bati, nao ulikuwa mwezi wa Februari, kipimajoto cha ukutani kilionyesha nyuzi 40. Tukaipeleka paneli ofisini kwangu, mahali penye kiyoyozi, ikalala huko katika nyuzi 20.

Jumatatu asubuhi niliikuta na ufa. Ulianzia kwenye tundu la skrubu la mwisho ukaenda hadi ukingoni, safi kama uliochorwa kwa rula. Upande wa pili palikuwa na ufa mdogo zaidi, uliokuwa ndio kwanza unaanza safari.

Nilikaa mbele ya paneli ile kwa muda mrefu. Ndugu msomaji, shahada yangu ya udaktari niliipata Uingereza, na kwa miaka minne kazi yangu huko ilikuwa kupima jinsi plastiki zinavyotanuka, zinavyosinyaa na zinavyopasuka. Akriliki hutanuka au husinyaa kwa takriban milimita 0.07 kwa kila mita moja, kwa kila nyuzi moja ya joto. Kwa umbali wa sentimita 60 na tofauti ya nyuzi 20, hesabu yake ni 0.07 mara 0.6 mara 20, yaani milimita 0.84. Plaiwudi iliyo chini yake, kwa joto hilo hilo, hubadilika kwa karibu sehemu moja ya kumi tu ya kiasi hicho, au pungufu. Kwa hiyo usiku ule bamba lilitaka kusinyaa karibu milimita moja, na skrubu zangu zilizokazwa barabara zililikatalia. Bamba lililozuiwa kusinyaa huvutwa. Nalo likivutwa kupita kiasi hupasuka.

Kwa nini lipasukie kwenye tundu? Mwaka 1898 mhandisi Mjerumani aitwaye Kirsch alionyesha kwa hesabu kwamba bamba pana lenye tundu la duara likivutwa, mkazo kwenye ukingo wa tundu huwa mara tatu ya mkazo ulioko mbali na tundu. Mwaka 1913 Mwingereza Inglis aliendeleza hoja hiyo kwa matundu yenye umbo la yai: uwazi ambao urefu wake ni mara kumi ya upana wake, ukivutwa kwa kukingamishwa, huzidisha mkazo mara 21 kwenye ncha zake. Mkwaruzo mdogo ulioachwa na biti butu ndani ya tundu ni uwazi wa namna hiyo. Huonekani kwa macho, lakini bamba linautambua.

Wala asidhani mtu kwamba haya ni mambo ya vichezeo tu. Mwaka 1954, katika miezi ya Januari na Aprili, ndege mbili za abiria za aina ya Comet zilivunjika angani juu ya bahari ya Mediterania, na wote waliokuwamo wakafa. Uchunguzi ulionyesha kwamba mwili wa ndege ulikuwa umechoka kwa kujazwa hewa na kupunguzwa mara kwa mara, na kwamba nyufa zilianzia kwenye kingo za nafasi zilizokatwa na matundu ya ribiti. Tangu hapo hakuna mjenzi wa ndege anayeliita tundu jambo dogo.

Ndipo nilipofungua kabati, nikaitoa ripoti ya yule kijana. Ukurasa wa tisa, katikati ya zile kurasa kumi na moja za useremala, aliandika kwa ufupi kwamba matundu ya akriliki ameyatoboa milimita 5 badala ya 4 na kuweka washa pana chini ya kichwa cha skrubu, "ili plastiki ipate nafasi ya kusogea". Skrubu ikikaa katikati ya tundu hilo huwa na nafasi ya nusu milimita kila upande. Bamba langu lilihitaji milimita 0.42 kila upande. Nilichokiita uzembe kilikuwa jibu sahihi la tatizo ambalo mimi, mwenye shahada yake, sikuliona.

Elimu iliyokuwapo

Nilimtafuta kwa simu. Alikuja ofisini, akaniamkia kwa adabu, akaitazama paneli yangu iliyopasuka bila kucheka. Nilimwuliza alijifunza wapi habari ya milimita 5. Alinijibu:

"Kwa mzee wangu, mwalimu. Yeye hutengeneza mabango ya maduka. Tangu utotoni namsikia akisema, plastiki iachwe ipumue."

Baba yake hakupata kusikia jina la Kirsch. Lakini ameyatazama mabango yake juani na kivulini kwa miaka mingi, ameona yapi yamepasuka na yapi yamesalimika, akabadilisha kipimo cha tundu, akatazama tena. Kuona, kukisia sababu, kujaribu na kuona tena: kama hiyo si njia ya sayansi, basi sijui sisi vyuoni tunafundisha nini.

Nayo si elimu ya jana. Mafundi wa majahazi wa pwani yetu wametumia keke tangu zamani: chuma chenye makali kilichotiwa katika msukano, jivu la kushikia juu, na uta wa kuzungushia. Kabla ya kupigilia msumari katika ubao wa chombo walitoboa kwanza kwa keke, kwa kuwa walijua kwamba msumari usiotanguliwa na tundu huingia kama kabari na kuzitenga nyuzi za mti, na ufa utakaozaliwa utayakaribisha maji ukiwa katikati ya bahari. Uta wa keke huenda polepole, basi makali hayachomi mti. Kila sehemu ya chombo kile ni jibu la swali la fizikia, hata kama swali lenyewe halikupata kuandikwa.

Huko Uingereza sampuli zangu za plastiki zililetwa mezani zikiwa zimekwisha kutobolewa. Alizitoboa fundi wa maabara, mtu mzima mwenye miwani minene, ambaye nilimshukuru kwa mstari mmoja mwanzoni mwa tasnifu. Sikupata kumwuliza hata siku moja alizitoboaje. Nilirudi nyumbani na nusu ya elimu, nikadhani ni nzima, nikaanza kuwapima wanafunzi kwa nusu hiyo.

Watakaopinga

Najua hoja mbili zitakazotolewa dhidi yangu. Ya kwanza ni kwamba siku hizi kuna mashine za leza na mashine zinazoongozwa na kompyuta, ambazo hukata tundu lolote kwa usahihi mkubwa. Kwa nini basi tuhangaike na mkono? Jibu langu ni kwamba mashine hukata kile ilichoamriwa. Kama ningeiamuru mashine itoboe milimita 4, ingetoboa milimita 4 safi kabisa, na bamba lingepasuka usiku ule ule. Tena leza yenyewe huacha mkazo katika kingo za akriliki, kiasi kwamba ukingo uliokatwa kwa leza ukifutwa kwa spiriti waweza kujaa nyufa ndogo ndogo. Mashine haimwondolei mtu haja ya kujua. Humwongezea mambo ya kujua.

Hoja ya pili ni kwamba chuo kikuu si karakana, na kwamba kazi za mikono zina vyuo vyake vya ufundi stadi. Hoja hii ndiyo iliyokuwa imejificha katika wino wangu mwekundu. Nakubali kwamba mhandisi si lazima atoboe matundu maisha yake yote. Lakini asiyepata kulitoboa hata moja hawezi kulichora, na akilichora hawezi kujua kama amekosea. Atategemea fundi amsahihishe kimya kimya, kisha atatia sahihi yake juu ya kazi ya fundi.

Linalotupasa

Napendekeza mambo matatu, yote yaliyo ndani ya uwezo wetu.

Kwanza, katika miradi ya wanafunzi, maelezo ya namna kitu kilivyotengenezwa yapewe alama zake kamili, na mwanafunzi aulizwe kwa mdomo sababu ya kila kipimo kabla ya alama kukatwa. Swali moja tu, "Kwa nini umelitoboa hivi?", lingaliniepusha na aibu yangu.

Pili, somo la vitendo shuleni liwe la vitendo kweli. Mahali pengi limegeuka kuwa somo la kukariri matokeo ya jaribio ambalo hakuna aliyelifanya. Kipande cha ubao, kipande cha plastiki, drili moja, rula na kipimajoto si maabara ya gharama kubwa, nalo darasa zima laweza kujifunza humo msuguano, joto, mtanuko na mkazo kwa wiki mbili. Miwani ya kazi iwe ya lazima, ya mwalimu ikiwa ya kwanza.

Tatu, mafundi waitwe kufundisha, na walipwe kama walimu. Tunao katika kila mtaa watu wanaojua tabia ya mninga, mvule na plastiki kuliko vitabu vyetu. Wakiondoka bila kuulizwa, elimu yao huondoka nao.

Alama nane za kijana yule hazikurudi. Matokeo yalikuwa yamekwisha kuthibitishwa, na taratibu hazikuruhusu yafunguliwe kwa sababu kama ile. Niliandika barua ya kukiri kosa, ikawekwa katika jalada. Nilipomwomba radhi alisema: "Hapana neno, mwalimu. Paneli ingali nzima, na mdogo wangu anaichezea hadi leo."

Ya kwangu ipo ofisini, juu ya kabati, na ufa wake. Mwanafunzi mpya akiuliza habari zake humpa rula na kipimajoto, nikamtaka atafute sababu yeye mwenyewe. Wengi hushindwa siku ya kwanza. Wiki iliyopita binti mmoja aliitazama kwa muda, akapitisha kidole juu ya skrubu ya mwisho, akaniuliza kama usiku kiyoyozi huwa kinazimwa. Huyo nilimwandikia alama kabla hajaketi.